Usiishie Darajani: Mafunzo Niliyopata Nikiuzunguka Mji wa Unguja

Wanafunzi wangu wa zamani bado hunipigia simu wakikaribia kupanda boti. "Mwalimu, nakwenda Zanzibar. Nitembelee wapi?" Enzi zile nilipokuwa nikifundisha historia na jiografia katika sekondari moja ya Tanga, swali hilo nililijibu bila kuvuta pumzi: Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, kanisa la Mkunazini, soko la Darajani, chakula cha jioni Forodhani. Ndiyo ziara niliyowapeleka wao wenyewe, kila shule ilipopata nauli. Tulihesabiana getini, tukahesabiana tena bandarini, na aliyerudi na viatu vyote viwili alihesabika amefaulu.

Sasa nimestaafu. Kisiwani nakwenda kwa nafasi yangu, nalala kwa jamaa, natembea bila filimbi shingoni. Katika kutembea huko nimegundua kwamba vijana wangu niliwaonyesha nusu ya mji nikawaaminisha kuwa ndio mji wote. Huu ni mji mkuu tangu Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake hapa kutoka Muscat, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Umepita mikononi mwa masultani, Waingereza na serikali ya Mapinduzi, na kila mtawala ameujenga kwa namna yake. Wewe unayetaka kuujua, na najua hukukusudia kupiga picha tu na kuondoka, yachukue haya niliyoyapata kwa kuchelewa.

1. Salamu kwanza, swali baadaye

Katika mojawapo ya ziara zile tulikuwa mtaa wa Kiponda, mimi mbele, vijana nyuma wakiburuta miguu. Mzee mmoja alikaa kwenye baraza la nyumba yake, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamwendea na haraka ya mtu mwenye ratiba: "Mzee, Forodhani ni wapi?"

Akanyamaza. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akajibu kwa upole kabisa: "Waalaikumu salaam, bibi mwalimu." Ualimu aliuona kwenye filimbi.

Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi niliyekuwa nikimrudisha mtoto mlangoni kwa kuingia darasani bila hodi, leo nilikuwa nimemwingilia mtu barazani bila salamu. Maana baraza lile la mawe, lililojengwa kuufuata ukuta wa mbele, ni sehemu ya nyumba. Hapo hupokelewa wageni wasioingia ndani, hapo hunywewa kahawa na kuzungumzwa siasa na mpira. Ukipita kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, yaani mji wa mawe, unapita sebuleni kwa watu.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Nilipoanza upya, kwa shikamoo na habari za nyumbani, mzee hakunionyesha njia kwa kidole. Alimwita mjukuu wake, akamwamuru atufikishe, na mtoto yule njia nzima akatutajia nyumba hii ya nani na ile ya nani. Haraka yangu ingenipatia kidole tu. Ukikuta watu barazani, wasalimie wote, mkubwa mwamkie, ngoja uulizwe habari zako nawe. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza, na ukikataliwa shukuru vilevile. Utachelewa kidogo, lakini utafika na kitu.

2. Ukipotea, kumbuka umbo la ardhi

Mwalimu wa jiografia nilipotea Kajificheni. Ramani nilikuwa nayo. Nilikuwa naigeuza kushoto na kulia, nikijikohoza ili vijana wadhani nafikiri. Tulipita mbele ya fundi cherehani yuleyule tena na tena, hata akaacha kukanyaga mashine akauliza kama tumetumwa kumkagua.

Kisha akanieleza kitu ambacho ningepaswa kumweleza yeye. Mji Mkongwe umekaa kwenye ncha ya ardhi iliyochomoza baharini. Bahari imeuzunguka pande zake mbili, na upande wa tatu, mashariki, umepakana na barabara kubwa inayopita Darajani hadi Mnazi Mmoja. Ukishika uelekeo mmoja usirudi nyuma, hata njia ikupinde vipi, mwisho utatokea ufukweni au barabarani. Mji wenyewe haukuachi upotee mbali.

Vichochoro vyake havikupigwa rula. Watu walijenga nyumba karibu na jamaa zao na karibu na msikiti wao, wakaacha nafasi ya kupita, na nafasi hiyo ndiyo njia. Ndiyo maana njia hujikunja pale nyumba inapojikunja. Basi badala ya kukazania ramani, jifunze majina ya mitaa: Shangani, Baghani, Vuga, Sokomuhogo, Mkunazini, Hurumzi, Malindi. Mwenyeji atakuelekeza kwa majina hayo: pita Sokomuhogo, utokee Mkunazini. Ukiyajua, kila mtu utakayekutana naye ni ramani tosha.

3. Uliza palikuwa na nini kabla

Mbele ya lango la Ngome Kongwe nilikuwa na somo langu, nililolitoa mwaka baada ya mwaka kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bustani: ngome hii ilijengwa na Wareno. Siku moja mlinzi alinisubiri nimalize. Akaniita pembeni, mbali na masikio ya vijana, akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Wareno hapa walikuwa na kanisa. Ngome ni ya Waomani, baada ya kuwatoa Wareno." Akanipeleka uani kunionyesha mabaki ya jengo la zamani ndani ya ukuta.

Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Nilirudi kwa wanafunzi nikajisahihisha mwenyewe, na sioni kama heshima yangu ilipungua. Kelele ndizo zilizopungua, maana siku hiyo walinisikiliza kuliko kawaida.

Tangu hapo nimejiwekea swali la kuuliza kila nisimamapo: hapa palikuwa na nini kabla? Ngome ile baada ya kuwa kanisa na boma iliwahi kuwa jela, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kama karakana ya reli iliyotoka mjini kwenda Bububu. Leo ukumbi wake wa wazi hupokea tamasha la muziki la Sauti za Busara na tamasha la filamu za nchi za jahazi. Mkunazini ni vivyo hivyo. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi wake ni yuleyule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri vitabu vya Biblia. Mahali pamoja pana maumivu, ibada na lugha yetu. Ukiuliza jambo moja tu utaondoka na theluthi ya habari.

4. Tazama boriti kabla ya mlango

Milango ya Mji Mkongwe haihitaji nikusifie. Utaiona: nakshi za maua, samaki na minyororo, misumari ya shaba iliyochongoka. Iliyonyooka juu ni ya mtindo wa zamani zaidi. Yenye tao juu imeathiriwa na mafundi na matajiri wa Kihindi. Nilikuwa Malindi nikiupiga picha mmojawapo, fundi wa chokaa akatoka ndani, mweupe vumbi mpaka kope, akaniambia, "Mlango unasifiwa na kila mtu. Dari hakuna anayeliuliza." Akanikaribisha ndani.

Nikatazama juu. Boriti za mikoko zilikuwa zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Nikauliza kwa nini chumba ni kirefu namna ile lakini chembamba. Akacheka. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulemewa, kwa hiyo mti ndio uliompangia tajiri upana wa sebule yake. Hata awe na fedha kiasi gani, angeweza kuongeza urefu na ghorofa. Upana aliuachia mkoko.

Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na umepakwa chokaa. Chokaa huruhusu unyevu uingie na utoke. Mtu akija na saruji akaupiga ukuta plasta ngumu ili upendeze, unyevu hufungiwa ndani, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kimyakimya, na siku moja sakafu ya juu inakuwa ya chini. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa familia nyingi kwa pamoja. Mapaa yaliyokuwa na mwenyewe yakabaki ya wote, na cha wote hakikarabatiwi na mtu. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huu iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa kwenye kila kadi ya posta, liliporomoka sehemu yake likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Basi usiishie kwenye kile kinachopendeza. Tafuta kinachobeba uzito, umtafute na anayekitunza. Mafundi wa chokaa wana mengi ya kusema na waulizaji wachache.

5. Umri wa jengo hausomwi usoni

Zoezi hili lilikuwa bora kuliko mitihani yangu yote, nami nakuachia ulifanye na wenzako. Niliwagawia vijana vikaratasi nikawataka wapange majengo kwa umri: Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja, na majumba ya ghorofa ya Michenzani. Karibu wote waliitanguliza Beit al-Amani. Ina kuba, ni nyeupe, ina matao, sura yake ni ya kale. Beit al-Ajaib wakaiweka ya pili, wakisema nguzo zake za chuma ni za kiwandani.

Kumbe ni kinyume. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, na katika siku zake ilikuwa jambo jipya kabisa: nguzo za chuma, kisha umeme, kisha lifti, watu wakija kutoka mbali kuishangaa. Beit al-Amani ilifunguliwa mwaka 1925, ukumbusho wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyeichora ni John Sinclair, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu wa majengo. Sinclair alilivika jengo lake kanzu na kilemba ili mgeni adhani limezaliwa hapa. Mahakama Kuu ya Vuga nayo ni kazi yake.

Jambo hili lilinishughulisha mimi kuliko wanafunzi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe tunazoziita za kale ni za karne ya 19. Sultani wa Kiarabu alitaka kuonekana mtu wa kesho. Mtawala wa Kiingereza, miaka arobaini baadaye, alitaka kuonekana mtu wa jana. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kiutawala. Ukikutana na jengo, uliza nani aliliagiza, kwa fedha za nani, na alitaka watazamaji wamwoneje. Mwaka uliochongwa mlangoni peke yake haukwambii hayo.

6. Vuka barabara

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Kila ziara yetu ilikomea soko la Darajani, lile lililofunguliwa mwaka 1904. Tulinunua karafuu na embe, tukageuza. Jioni moja msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, asiyependa kunyoosha mkono, aliutazama umati uliokuwa ukitoka Mji Mkongwe kuvuka barabara kuu, akauliza, "Mwalimu, hawa wote wanakwenda wapi?"

Nikajibu, "Makwao." Akasema, "Sisi hatuendi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye daftari langu la ziara, upande ule haukuwapo.

Ule ni Ng'ambo. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na upande huo, na watu wakivuka darajani. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogokidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na baada yake kidogo. Viwanja vya Mnazi Mmoja vimekaa juu ya sehemu ya kifusi hicho. Nilidhani Ng'ambo ni vitongoji vilivyoota juzi, watu walipoujaza mji wa mawe wakamwagikia nje. Si kweli. Ramani ya mwaka 1892 tayari inaonyesha nyumba tele upande huo. Wakati matajiri wa Shangani wakinyanyua ghorofa, ng'ambo ya maji walikuwa wapagazi, wavuvi, mafundi, watumwa na waliokwisha kupata uhuru wao, na watu waliotoka mrima na Ngazija, wakijenga kwa boriti, udongo na makuti. Pande hizi mbili zimekua pamoja, na zilihitajiana tangu siku ya kwanza.

Tena Ng'ambo si mahali palipongoja historia iletwe. Katika miaka ya 1920, wakazi waliomiliki nyumba lakini wakilipia ardhi walikataa kulipa kodi ya kiwanja. Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alihamia mjini, akaishi Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili; Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Januari 1964 waliopindua serikali waliweka makao yao Rahaleo, kwenye kituo cha redio, na kutoka hapo kisiwa kikasikia kwamba mambo yamebadilika. Yote hayo nilikuwa nikiyafundisha darasani. Mahali yalipotokea palikuwa umbali wa kutembea kutoka soko nilikonunua karafuu, nami nikageuza basi.

Vuka. Pita Mlandege, Mchangani, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga. Hutakuta vibao vya maelezo. Utakuta mafundi seremala, vijana wa keram, mama mwenye sufuria la urojo na foleni mbele yake. Kama unapenda chakula, foleni hiyo ndiyo kibao chenyewe.

7. Usimhurumie mtu kabla hujamsikiliza

Majumba ya Michenzani niliyaita maboksi. Niliyaita hivyo mbele ya wanafunzi, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Marefu, ya kijivu, yamefuata barabara kuu zinazokutana kwenye mzunguko, mengine yana urefu wa mamia ya mita. Kwangu yalikuwa kosa la wakati, saruji iliyotupwa katikati ya mji wa nakshi.

Kisha jamaa yangu akanipeleka kumwamkia mama yake aliyekaa huko ghorofani. Tukapanda ngazi, mimi nikipumzika kila ngazi ilipopinda na kujifanya naangalia mandhari. Bi mkubwa alitupa chai na visheti, nami kwa wema wangu usioombwa nikasema pole kwa kuishi juu huku.

"Pole ya nini, mwanangu?" akauliza. "Wewe umeona maboksi. Mie siku ya kwanza niliona bomba la maji liko ndani."

Akasimulia. Baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume aliahidi makaazi ya kisasa kwa wananchi. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walijenga kwanza nyumba za Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 wakatoa mpango wa mji uliotaka Ng'ambo yote igeuzwe majumba ya ghorofa. Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, mpango haukumalizika, lakini Michenzani ilisimama. Ili isimame, nyumba nyingi za zamani zilivunjwa, na ya wazazi wake ilikuwa mojawapo. Hapo sauti yake ilibadilika. Nyumba alipata, alisema, ila uwanja aliupoteza: ule uwanja wa nyuma ambako wanawake wa nyumba kadhaa walipika, wakasukana na kuleleana watoto. Majirani wakagawiwa ngazi tofauti, wengine ukawa mwisho wa kuonana kila siku.

Tulipokuwa tukizungumza, muuza mbatata alipita chini akinadi. Bi mkubwa akasimama, akashusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, pesa ndani, kikapu kikapanda na mbatata. Nilikuwa nimekiona kikapu kama hicho kikishushwa kutoka dirisha la Mji Mkongwe, nikakiandika daftarini kuwa ni desturi ya kale.

Kwa hiyo nina neno moja kwako. Mtu mmoja anaweza kulishukuru jengo na kulililia lililovunjwa kwa ajili yake, kwa pumzi moja, na yote mawili yakawa kweli. Ukimletea huruma yako iliyokwisha kupikwa utapata nusu moja tu. Na usidhani jipya limebaki jipya: Michenzani imepita miaka hamsini. Kuna waliozaliwa mle na sasa wana wajukuu mle.

8. Chagua saa

Fupi hili. Vijana wangu niliwahi kuwatembeza Michenzani saa saba mchana. Barabara pana, jua la utosi, kivuli hakuna. Tuliishia kujipanga mmojammoja nyuma ya nguzo za umeme kama wezi wa sinema. Waliochora mipango ya kisasa walipenda upana. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina nyumba ndefu pande zote mbili, jua halifiki chini, na adhuhuri ndipo unapoelewa kwa nini watu walijenga wakibanana.

Basi adhuhuri kaa Mji Mkongwe. Ng'ambo nenda asubuhi au baada ya alasiri, watu wanapotoka nje na mikeka inapotandikwa. Ijumaa mchana usimsumbue mtu kwa maswali, sala kwanza. Ukija Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana, kisha usilale mapema, maana mji huamka baada ya futari. Na vaa nguo ya kukufunika mabega na magoti, upande wowote utakaokwenda. Utapewa kiti upesi zaidi.

9. Anzia Ng'ambo

Ningerudishiwa filimbi yangu leo, ziara ningeigeuza kichwa chini. Nisingeanzia bandarini. Ningepanda daladala na vijana wote hadi Michenzani, asubuhi na mapema, tusimame karibu na mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, tutazame watu wakishuka ngazi. Kisha tungetembea nao, kwa mwendo wao.

Tungepita Kisiwandui, tungefuata Mlandege hadi Darajani, tungevuka barabara palepale wanapovuka wao, tungeingia Mkunazini, tungekata Sokomuhogo. Njiani tungeona nani anafungua duka la vinyago, nani anaingia kwa mlango wa nyuma wa hoteli iliyokuwa nyumba ya tajiri, nani amebeba ndoo ya chokaa kwenda kuziba ukuta wa karne ya 19. Watu wa Ng'ambo ndio wanaoupika, kuufagia, kuukarabati na kuusimulia Mji Mkongwe kila siku, kisha jioni huvuka kurudi makwao. Wengine wana ndugu pande zote mbili, na hawatambui kwamba wamevuka kitu chochote. Ukiingia mji wa mawe ukitokea kwao, hautakuwa tena jumba la maonyesho. Utakuwa mahali pa kazi, pa kuishi na pa kugombania kodi, kama ulivyokuwa sikuzote.

Najua utaniambia muda hautoshi. Mimi nilisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka nilichokata kilikuwa kilekile. Ikiwa una siku moja tu, kata Forodhani. Iko kwenye kila ratiba. Hata usipoitafuta, atatokea mtu wa kukupeleka. Ng'ambo hakuna atakayekupeleka usipojipeleka.